Naomba ushauri: barua ya kumwombea mdogo wangu aliyefungwa Mbeya tuipeleke wapi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Sisi ni wa Tukuyu. Mdogo wangu alifungwa miaka mitano kwa kuvunja duka usiku, akiwa na miaka 19. Kosa alitenda, hatubishi. Ila kijana amebadilika. Amejifunza useremala humo ndani. Juzi tulipoenda kumwona viganja vimeota sugu, kucha zimejaa gundi ya mbao, na kila akiulizwa anaitika "ndiyo mama". Huyu zamani alikuwa hata salamu haitikii!

Kubwa zaidi, mwenye duka amesamehe. Tulishamlipa, na yuko tayari kuandika barua na kuweka dole gumba mbele ya mtendaji wa kata.

Najua Rais anaweza kusamehe kwa ibara ya 45 ya Katiba, na misamaha mara nyingi hutangazwa 26 Aprili au 9 Desemba. Sasa barua yetu ianzie kwa mkuu wa gereza, au bodi ya parole (ile inayoweza kumruhusu mfungwa amalizie kifungo nje ya gereza)? Na ya mwenye duka ina uzito wowote?

Kuna mtu anataka laki tatu "asukume faili". Mama ameshaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe, kwa hiyo mwenye kujua anijibu mapema kabla hajamuuza.