MJADALA: Je, muda wa kuistaafisha OpenOffice haujafika?

Mleta mada

Habari za muda huu wakuu.

Jumatatu iliyopita aliingia steshenari kwangu binti wa chuo, mwaka wa tatu, flashi mkononi na jasho usoni. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, kurasa 48, ilitakiwa kwa mfumo wa docx, ule wa faili za Microsoft Word, na mwisho wa kupokelewa ni saa kumi jioni. Yote kaiandika kwenye OpenOffice, programu ya ofisi ya bure. Tukaifungua, tukaenda sehemu ya kuhifadhi, tukaipitia orodha pamoja kutoka juu hadi chini. Odt ya OpenOffice yenyewe ipo, doc ya zamani ipo, docx hamna. OpenOffice inaweza kuifungua docx, ila kuiandika haiwezi. Nikahamia kompyuta ya pili yenye LibreOffice, programu ndugu yake, nikalihifadhi faili lilelile kwa docx, tukanyoosha majedwali mawili yaliyokuwa yamesogea, akaondoka saa tisa na nusu. Akiwa mlangoni akaniuliza: "Kaka, kumbe OpenOffice yangu ni ya zamani? Mbona nimeipakua mwezi jana tu?"

Swali hilo sijalala nalo vizuri. Binti hakukosea kitu. Alitafuta jina analolijua, akapakua toleo la karibuni kabisa.

Kwa wasioijua historia: programu hii ilianzia Ujerumani kwa jina StarOffice. Kampuni ya Sun Microsystems wakainunua 1999, na mwaka 2000 wakauachia umma msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, kwa jina OpenOffice.org. Mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Oracle wakainunua Sun. Wengi wa waliokuwa wakiitunza wakaingiwa na hofu, na Septemba mwaka huohuo wakauchukua msimbo na kuanzisha LibreOffice chini ya shirika lao, The Document Foundation. Mwaka 2011 Oracle wakaukabidhi mradi wa awali, pamoja na jina lake, kwa Apache Software Foundation, shirika linalosimamia miradi mingi ya programu huria. Watu wakaenda huku, jina likabaki kule, na mtumiaji wa kawaida hufuata jina.

Toleo la 4.1 lilitoka Aprili 2014. Baada ya hapo ni 4.1.1, 4.1.2, ukihesabu hivyohivyo; Desemba 2023 ilikuwa imefika 4.1.15. Karibu miaka kumi ya viraka, yaani marekebisho madogomadogo. LibreOffice kwa kipindi hichohicho walikuwa wakitoa matoleo makubwa mawili kila mwaka.

Kinachonitia hofu zaidi ni kilichotokea 2016. Julai, mradi ulitangaza mwanya wa usalama kwenye programu ya slaidi: faili lililotengenezwa kwa hila lingeweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha maagizo yake kwenye kompyuta yako. Siku ya tangazo hakukuwa na toleo lenye dawa. Agosti kikatoka kiraka cha kuweka kwa mkono, na toleo kamili likaja Oktoba. Katikati ya kipindi hicho, Septemba, mwenyekiti wa kamati ya mradi wakati huo, Dennis Hamilton, aliwawekea wenzake mezani swali hili: tukiamua kustaafisha, itakuwaje? Mjadala ukawaka, kisha mradi ukaendelea.

Apache wana mahali pa kuweka miradi iliyostaafu tangu 2008. Wanapaita Attic, yaani darini, kule tunakopandisha vyombo ambavyo hatuvitumii lakini hatujataka kuvitupa. Msimbo unabaki, yeyote anausoma na kuuchukua, ila kamati inavunjwa na matoleo mapya hayatoki. Hakuna kinachochomwa moto.

Msimamo wangu: ipandishwe darini, na ukurasa wake umwelekeze mgeni mahali ambapo kazi inaendelea. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Tehama, shule ya kata

Mkuu, hoja yako nimeielewa, lakini njoo kwenye maabara yangu kwanza. Nina kompyuta 14 za msaada. Zote zinatumia Windows XP, mfumo wa zamani wa Microsoft, nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti moja, na intaneti haijawahi kufika humo ndani. LibreOffice waliiacha XP walipotoa toleo la 6.0 mwaka 2018. OpenOffice bado inakubali XP. Hiyo unayoiita mfu ndiyo inayofundisha kidato cha pili kutengeneza jedwali la bajeti ya nyumbani.

Huo mwanya wa 2016 ungeingiaje kwangu? Faili zote naziingiza mimi, kwa flashi yangu. Mkishaipandisha darini, nani atatengeneza toleo lingine la mashine kama hizi? Nadhani hakuna. Watu wa kompyuta mpya mna pa kwenda. Sisi tutabaki na kilichoganda.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niingie kwenye utaratibu, maana naona tunachanganya vitu viwili. Apache hawastaafishi mradi kwa sababu jirani ana kizuri zaidi. Wanaangalia kama kuna watu. Toleo halitoki bila kura tatu za ndiyo kutoka kwa wanakamati, na kila mradi hutoa ripoti kwa bodi mara nne kwa mwaka. Wakishindwa kupatikana watatu wa kukagua na kupiga kura, hapo ndipo safari ya darini inaanza. OpenOffice watatu wanapatikana. Wanachelewa, wanasuasua, lakini wapo, na wanajitolea. Kwa haki gani mimi na wewe, ambao hatujaandika hata mstari mmoja, tumwambie mtu anayefanya kazi bure usiku wake kwamba aache?

Nikiri na upande wa pili. Leseni zimepangwa namna ambayo msaada unaelekea upande mmoja tu. Leseni ya Apache inawaruhusu LibreOffice kuchukua chochote cha OpenOffice. OpenOffice hawawezi kuuchukua msimbo wa LibreOffice na kuutoa kwa masharti yao. Kwa hiyo kila mwaka unaopita pengo linapanuka, na aliye nyuma haruhusiwi kuazima. Nidhamu ya watu watatu haizibi pengo hilo.

Mtunzaji wa programu ya vikoba

Nimesoma michango yote mara mbili kwa sababu jambo hili nimelipitia mwenyewe, kwa udogo wake.

Mwaka 2015 niliandika programu huria ya daftari la kikoba: hisa, mikopo, faini, mgao wa mwisho wa mwaka. Vikundi vingi vikaitumia bila hata mimi kujua. Nikapata kazi nyingine, nikapata watoto, nikawa naigusa mara moja kwa mwaka kurekebisha kitu kimoja. Kwa nje ilionekana hai. Ndani mimi nilijua kwamba hesabu ya riba ina kosa kwa mkopo unaovuka mwaka, na sikuwa na usiku hata mmoja wa kulifuatilia. Kipindi hicho ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote, kwa sababu vikundi vipya viliendelea kujiunga vikiamini kuna mtu macho.

Akatokea mtu nisiyemjua, mpole sana, akaomba nimkabidhi funguo aendeleze. Nilitamani kumpa. Nikasita, maana ni hela za akina mama. Mwaka 2024 yalipotokea ya XZ nilikaa kimya muda mrefu. Hiyo ni programu ndogo ya kubana data iliyomo karibu kila Linux, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta, iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan akamsaidia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akapandikiza mlango wa siri. Aligunduliwa kwa sababu mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye seva kumechelewa kama nusu sekunde akataka kujua kwa nini. Nusu sekunde, wakuu.

Mimi nilifunga Machi 2021. Wikendi tatu nzima niliandika chombo cha kulitoa daftari lote kwenda kwenye jedwali la kawaida. Kisha mstari wa kwanza wa ukurasa nikaandika: "Programu hii haitunzwi tena. Usianze nayo kikoba kipya. Ukiwa tayari ndani, toka hivi." Kwa miezi minne nilipokea simu. Mama mmoja mwekahazina alinipigia mara saba, mara ya saba mgao ukalingana hadi shilingi ya mwisho, akanishukuru kama vile nimemkopesha.

Kwa hiyo mleta mada, nakuunga mkono, ila kustaafisha nako ni kazi. Mwaka 2014 waliokuwa wakitengeneza TrueCrypt, programu ya kufunga diski kwa siri, walifunga ghafla. Ukurasa ukaandikwa kwamba si salama kuitumia, na watu wenye data zao ndani wakabaki wanakisia kimetokea nini. Huko ndiko nisikotaka OpenOffice ifike. Nani atakaa miezi minne kupokea simu za watumiaji wake? Kufikia 2020 ilikuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 300.

Mchangiaji wa tano

Wanangu, mimi ni mtu mzima kidogo, nitaongea la moyoni. Desemba 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Nilikuwa karani wakati huo. Nilizoea kubonyeza vitufe kwa kukariri mahali vilipo, bila kujua neno linasema nini. Siku nilipoona menyu kwa lugha yangu nilisoma kila kitu, hata vile nisivyovihitaji.

Ndiyo maana nikisikia "istaafishwe" moyo unashtuka. Jina hilo limebeba kazi ya watu wetu waliokaa kutafuta neno la kila kitufe. Mkilipandisha darini, nani atakumbuka kwamba tulianza mapema?

Mleta mada

Asanteni sana. Nijibu kadiri nilivyoguswa.

Mzee wangu, shikamoo. Ya Jambo OpenOffice sikuyajua kwa undani huo. Kumbukumbu hiyo haitegemei OpenOffice kutoa 4.1 nyingine. Darini msimbo unasomeka, na kazi ya akina Kilinux inahitaji mtu wa kuiandika historia yake, jambo ambalo toleo jipya la OpenOffice halitalifanya. Ningefurahi ukianza wewe.

Mchangiaji wa tatu, hapo kwenye haki ya kumwambia anayejitolea aache umenishika. Naondoa neno "istaafishwe" kama amri. Ninachodai, na hapa sirudi nyuma, ni ukweli kwenye mlango wa mbele. Oktoba 2020, OpenOffice ilipotimiza miaka 20, The Document Foundation waliwaandikia barua ya wazi wakiwaomba wawajulishe watumiaji kwamba LibreOffice ipo. Hawakuwaomba wafunge. Sentensi moja hiyo ingemfikia yule binti kabla hajaandika kurasa 48. Watatu wakipiga kura ya kuendelea, sawa, waendelee; lakini anayekuja kupakua aambiwe mradi una watu wangapi na haufanyi nini.

Mtunzaji, maelezo yako yamenionyesha nilichokuwa nakiita uhai. Swali lako la nani atapokea simu sina jibu lake, na bila jibu hilo nakubali kufunga leo kungekuwa kuwatupa watu.

Mwalimu, wewe ndiye umenipa shida. XP yenyewe Microsoft waliacha kuitunza Aprili 2014, kwa hiyo mwanya wa OpenOffice kwenye maabara isiyo na intaneti si tatizo lako la kwanza. Nimekosa kukuhesabu. Niletee mashine moja, niiwekee Linux nyepesi na LibreOffice, nione kama gigabaiti moja inatosha kwa wanafunzi kufanya kazi bila kusubiri. Sitaki hela. Ikishindikana nitakuja hapa niseme imeshindikana.

Mwalimu wa Tehama, shule ya kata

Naileta Jumamosi asubuhi. Ila OpenOffice usiifute humo mpaka nione kwa macho yangu mitihani yote ya toka 2012 inafunguka na majedwali hayajasogea.