Tupeane uzoefu: mhusika gani wa kitabuni alikuonyesha nia yako ya kweli?

Mwalimu wa Arua

Habari za jioni, ndugu zangu. Nafundisha Kiswahili sekondari huku West Nile, na wiki hii darasa limenirudisha mahali nilipokuwa nimepakimbia. Tulikuwa tunazungumza habari za Okonkwo, yule wa riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo wengi tuliisoma Kiswahili kama *Shujaa Okonkwo*. Nikauliza: kwa nini alimkata panga Ikemefuna, mtoto aliyeishi kwake miaka mitatu akimwita baba? Mikono ikapanda. Miungu iliagiza. Ni mila. Hakuwa na njia. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Hapana, mwalimu. Aliogopa watu watamwonaje."

Amepata. Mzee Ezeudu alikwishamwonya asishiriki kifo cha mtoto yule. Rafiki yake Obierika hakupinga agizo, lakini alibaki nyumbani kwake, na hakuna aliyemfanya kitu. Okonkwo alijipeleka mwenyewe. Mtoto alimkimbilia akilia "baba", naye akamkata, kwa hofu ya kuonekana dhaifu. Mwandishi analisema hili waziwazi, sisi ndio tunaolifunika kwa neno "mila" tukijibu mtihani.

Sasa yangu. Miaka tisa iliyopita nilikuwa nafundisha shule nyingine ya bweni. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, yatima, alikuwa akija kwangu likizo. Tulilima mihogo pamoja, alikula sahani moja na wanangu, akazoea kuniita baba. Siku moja akakamatwa na simu bwenini. Walimu tukaitwa kikao. Wenzangu walikuwa wakinitania siku nyingi kwamba mimi nalea wanafunzi. Mkuu wa shule alipouliza nani anaunga mkono afukuzwe, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Nakumbuka mkono wa shati ulikuwa na vumbi la chaki. Nikasema, "Sheria ni sheria." Nje, kijana alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, ananiangalia dirishani akidhani nimesimama kumtetea.

Sheria ilikuwepo, sikatai. Lakini haikuniambia niwe wa kwanza.

Naomba tupeane uzoefu. Sababu ya mdomoni ilikuwa ipi, ya moyoni ipi, na ni mhusika gani aliyekufumbua macho?

Mama Ndizi, Masaka

Mwalimu, pole. Mimi shule niliishia darasa la saba, Kiswahili nilikipata kambini maana baba alikuwa askari. Kitabu changu nilisimuliwa na binti yangu tukimenya matooke. Ni *Kintu*, cha Jennifer Nansubuga Makumbi, kilichotoka 2014. Kintu Kidda ni mtawala wa hapa kwetu Buddu, mwaka 1750, anasafiri kwenda kumpa heshima Kabaka mpya. Njiani Kalema, mtoto wa kulea, anakunywa kwenye kibuyu chake. Kintu anampiga kofi moja tu. Mtoto anaanguka, anakufa.

Binti yangu alitaka tuzungumzie ile laana inayofuata ukoo. Mimi kisu kilinisimama mkononi kabla hajafika huko. Kintu anarudi nyumbani, anaonana na Ntwire, baba mzazi wa mtoto, na hamwambii. Kofi ni hasira ya dakika moja, inaweza kumpata yeyote. Ule ukimya aliuchagua kila siku alipoamka.

Rafiki yangu wa soko alinipa shilingi laki sita nimtunzie, mume asijue. Akafa kwa presha ghafla. Matangani nililia sana, tena kwa kweli. Nikajiambia, nikimpa mume atazinywa zote kwa wiki, afadhali nizishike kwa ajili ya watoto. Mume anakunywa kweli, jirani wote wanajua. Basi hiyo ndiyo ilikuwa ngao yangu. Miezi miwili baadaye kibanda changu kilipata mabati mapya.

Nilipomaliza kumenya siku ile nilimwambia binti yangu yote. Hakusema neno. Nimelipa kidogo kidogo kwa bibi yao mzaa mama, imebaki laki moja na nusu.

Nyar Gulu

Mama Ndizi, Mungu akupe wepesi.

Mimi ni Mwacholi, kwa hiyo mniruhusu niseme habari za Lawino. Watu wanaupeleka utenzi wa Okot p'Bitek kwenye mdahalo wa mila na uzungu, Lawino upande huu, mumewe Ocol upande ule. Sawa. Lakini someni pale anapomsema Tina, yule mwanamke wa mjini aliyechukuliwa na mumewe: poda, midomo myekundu, mwili kukonda. Anasema asidhaniwe kwamba ni wivu unaomnoa ulimi, kwamba anamwonea huruma tu. Hafiki mbali, anakiri mwenyewe kwamba wivu kidogo anao, ya nini kudanganya. Kwangu mimi hapo ndipo Lawino anapokuwa mtu mzima kuliko wote katika kitabu. Nia yake iliyofichika anaifichua mwenyewe, na bado hoja yake kuhusu mila inasimama.

Mimi sikuwa na ujasiri huo. Kaka yangu alipooa Kampala nilimpinga wifi kila kikao cha ukoo: hajui kupika malakwang, hapigi magoti kwa wazee. Kweli hakujua. Lakini kilichoniuma ni kwamba tangu aje, hela ya ada ya wanangu ilikatika. Mila nilizikumbuka mwezi uleule hela ilipokatika.

Baba Mabinti, Mutukula

Zakaria, baba yake Rosa, katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi. Alimpiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, akidai anamlinda. Ninao mabinti watatu na niliwahi kuchana daftari la mmoja wao. Nimesoma Rosa alivyoishia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Wakala wa Forodha, Busia

Nawasoma kwa moyo mzito, ila niweke upande wa pili. Si kila nia ya ndani ni chafu. Kinjeketile, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, amefungwa, vita vya Maji Maji vimeshindwa, watu wameuawa kwa kuamini maji ya dawa kwamba yangewakinga na risasi. Mwenyewe ameshaingiwa na shaka juu ya maji hayo. Wajerumani wanamtaka aseme ni uongo, apunguziwe mateso. Anakataa, kwa sababu anajua kesho watoto wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Wapo wanaosema alikataa kwa kiburi. Nami niliwaza hivyo hadi yaliponikuta. Chuoni tuligoma kwa ajili ya ada. Tulioongoza tukawekewa karatasi: saini kwamba mgomo haukuwa na sababu, urudi masomoni. Watatu walikataa. Mimi nilisaini. Nyumbani nikasema nimefanya kwa ajili ya mama, aliyeuza ng'ombe wawili nisome. Na hiyo, ndugu zangu, ilikuwa kweli tupu. Sikuficha nia yoyote mbaya. Hata hivyo karatasi ile ilisomwa mbele ya wanafunzi wote, na mwaka uliofuata ada ilipopanda tena hakuna aliyefungua mdomo.

Kwa hiyo mwalimu, swali lako la sababu ya mdomoni na ya moyoni mimi halinitoshi. Zangu zote mbili zilikuwa moja.

Nyar Gulu

Hili la Busia limenikalisha kimya. Mwalimu, na yule kijana wa sanduku?

Mwalimu wa Arua

Wakala, umenirekebisha, na nitalipeleka darasani Jumatatu.

Kijana nilimwona Desemba stendi ya hapa Arua, anapakia mizigo kwenye mabasi ya Kampala. Amekuwa mtu mzima, ana ndevu. Alinitambua kabla sijamtambua. Nilikuwa nimepanga maneno miaka yote hiyo, yakakwama kooni. Akachukua begi langu, akasema, "Mwalimu, hii tuiweke chini au utakaa nayo?"