Marais wanakutana saa chache tu Ikulu, hati nane zinatoka wapi?

Mpita_Njia
Wakuu, naomba kueleweshwa. Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikuja Dar es Salaam na hati nane zikasainiwa. Ziara za namna hii ratiba yake tunaijua: mizinga 21, gwaride, mazungumzo ya faragha, mazungumzo rasmi, kusaini, waandishi wa habari, dhifa. Muda wa kuongea wenyewe ni kiduchu. Hizo hati zinaandikwa saa ngapi, na nani? La pili: kitu kishasainiwa mbele ya marais wawili, mbona lori la mahindi bado linakwama mpakani? Wa itifaki, sheria na forodha, karibuni.

Kalamu_Mbili
Siku ile haikuandikwa hata sentensi moja, mkuu. Hati huanza kwa wataalamu wa wizara husika, ikapanda kwa makatibu wakuu, halafu mawaziri. Tanzania na Kenya kazi hiyo inapitia Tume ya Pamoja ya Ushirikiano. Rais anakuta meza imeshaandaliwa.

Ukitaka kujua ugomvi ulipo, tazama mabano ya mraba kwenye rasimu. Neno ambalo upande mmoja haujalikubali linafungiwa humo. Unakuta mstari kama "Pande mbili [zitaondoa] [zitajitahidi kuondoa] tozo hiyo", na watu wanakesha juu ya neno moja. Wana haki ya kukesha. "Zitaondoa" unaweza kumdai mtu. "Zitajitahidi" humdai yeyote. Mabano yakishindikana ngazi zote tatu, ndiyo yanayopelekwa kwenye faragha ya marais, yakiwa kwenye karatasi moja ya hoja.

Kabla ya hapo rasimu ya mwisho lazima ipite kwa Mwanasheria Mkuu kwa upekuzi, kila nchi kwake. Hapa ndipo hati nyingi zinapofia. Wizara inaleta rasimu ziara imebaki siku chache, mpekuzi anakuta kifungu cha kodi ambacho Hazina haijawahi kukiona, basi hati inaondolewa kwenye orodha. Au inapunguzwa makali ili isikose sherehe, na hilo kwa maoni yangu ni baya zaidi.

Kosa jingine ni faragha isiyo na mwandishi wa kumbukumbu. Wakubwa wakitoka, kila upande unasimulia ulichokisikia, na tamko la pamoja linachelewa hadi usiku kwa sababu ya aya moja.

Meza_ya_Saini
Niongeze la mezani, maana watu wanaona mafaili mekundu tu.

Kila hati ina nakala halisi mbili. Nakala itakayobaki Tanzania inaitaja Tanzania kwanza na mtiaji saini wake anakaa nafasi ya heshima. Ya Kenya inaitaja Kenya kwanza. Ndiyo maana baada ya saini ya kwanza wasaidizi wanabadilishana mafaili na wote wawili wanasaini tena. Msaidizi akichanganya, nchi moja inarudi nyumbani na nakala ya mwenzake. Inarekebishika, ila ni aibu.

Halafu mamlaka ya kusaini. Kwa Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba wa 1969, ibara ya 7, Rais, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje hawahitaji karatasi yoyote. Waziri wa kilimo au nishati anahitaji hati ya mamlaka kamili yenye jina lake, isipokuwa nchi husika zimekubaliana kutodaiana. Hata balozi: anaruhusiwa kupitisha maneno ya mkataba na nchi aliko, lakini kuusaini ni jambo jingine. Likitokea badiliko la baraza la mawaziri wiki ya ziara, hati ya mamlaka inabaki na jina la aliyeondoka. Mtu wa itifaki asiyekagua jina na cheo asubuhi ile anajitafutia balaa.

Mpita_Njia
Shukrani wakuu. Kwa hiyo hati ya makubaliano na mkataba ni kitu kimoja?

Ibara_63
Hapana, na mkanganyiko wote unaanzia hapo. Hati ya makubaliano kwa kawaida ni ahadi ya kushirikiana. Haina meno ya kisheria. Lakini usiangalie kichwa cha habari, soma vifungu. Kama ina "itaanza kutumika baada ya kuridhiwa" na kifungu cha kutatua migogoro, huo ni mkataba hata ukiitwa jina gani. Kwa Tanzania, Katiba ibara ya 63(3)(e) inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo masharti yake yenyewe yanataka iridhiwe. Kenya wana sheria yao ya 2012 ya kufanya na kuridhia mikataba, ingawa makubaliano ya nchi mbili ya kiutawala au kiufundi hayapiti njia hiyo.

Mfano mzuri ni mabomba mawili. Mei 2021 Rais Samia alipokwenda Nairobi, ilisainiwa hati ya makubaliano ya bomba la gesi Dar es Salaam hadi Mombasa. Hiyo ni nia. Linganisha na bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443, ambapo 1,147 ziko Tanzania. Mkataba wa serikali mbili ulisainiwa Mei 2017, jiwe la msingi likawekwa Chongoleani, Tanga, Agosti mwaka huohuo. Ikabidi ingojwe Aprili 2021, Entebbe, kusaini mkataba wa wanahisa na ule wa usafirishaji, kisha Mei 2021 mkataba wa nchi mwenyeji, yaani wa serikali na kampuni ya bomba, kwa upande wa Tanzania. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulikuja Februari 2022. Jiwe la msingi halikuwa mwanzo wa bomba, ilikuwa picha.

Kibali_Mpakani
Nakubaliana na wengi ila Kalamu_Mbili ameishusha mno saa ya marais. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi bado yakakwama mpakani, mpaka ziara ya Mei ambapo Kenyatta alitoa wiki mbili yaruhusiwe. Mtaalamu gani angeweza hilo?

Udhaifu wake ni kwamba agizo linakwamua malori yaliyopo, halibadilishi kanuni. Afisa wa dirishani anafuata waraka wa taasisi yake. Waraka usipotoka, kesho atakudai cheti kilekile, tena pengine asikubali kipimo cha maabara ya upande wa pili. Sampuli nayo ni tatizo: sumukuvu haisambai sawasawa kwenye shehena, kwa hiyo ukichukua sampuli kwenye magunia mawili tu, lori moja linaweza kutoa majibu mawili tofauti.

Pamoja na hayo kazi imefanyika. Rais Ruto alipokuja Oktoba 2022, ilielezwa kwamba kati ya vikwazo 68 visivyo vya kiforodha (si ushuru, bali vibali, vyeti na urasimu), 54 vilikuwa vimeondolewa.

Ukikwamishwa, usiishie kulalamika kwa dereva. Upo mfumo wa mtandaoni wa pamoja wa jumuiya za kikanda za COMESA, EAC na SADC wa kuripoti vikwazo. Andika kituo, tarehe, taasisi iliyokuzuia, namba ya forodha ya bidhaa, gharama uliyopata, na ambatisha karatasi uliyokataliwa nayo. Ripoti isiyotaja taasisi hukosa wa kuijibu, na kamati za kitaifa zikikutana inarukwa.