Dripu za ketamini kwa ugonjwa wa wasiwasi: mume wangu akubali au asubiri?

Mama wa Wawili, Minneapolis

Naomba ushauri wa wenye ujuzi. Mume wangu ana miaka 41, na kwa miaka sita sasa anasumbuliwa na ugonjwa wa wasiwasi. Sizungumzii woga wa kawaida, bali hali inayomlazimu kuegesha gari kando ya barabara kuu, akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, moyo ukimwenda mbio, akiamini kabisa kwamba roho inatoka. Amekwisha kutumia dawa mbili za kila siku, na tiba ya mazungumzo aliiacha baada ya mara nne kwa sababu ya zamu za usiku. Sasa kliniki moja ya hapa imempendekezea dripu sita za ketamini katika muda wa wiki tatu, kila moja kwa mamia ya dola ambayo bima hailipi. Nilipomtajia mama yangu jina hilo kwa simu, naye alikuwa mkunga Tanga, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Nusukaputi? Kwani anapasuliwa nini?" Sikuwa na jibu.

Mlinda Usingizi, Dodoma

Pole, dada. Mama hakukosea. Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuidhinishwa huko mwaka 1970 kuwa dawa ya usingizi, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sisi wa chumba cha upasuaji tunaithamini kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe, jambo lenye uzito mkubwa mahali ambapo umeme unakatika na mashine ya usingizi haipo.

Tofauti iko kwenye dozi. Ili kumlaza mtu kwa ajili ya kisu, tunampa kwenye mshipa miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa muda mfupi. Katika tiba ya akili kipimo kilichozoeleka ni nusu miligramu kwa kilo, kikiingia polepole kwa dakika 40, kwa hiyo mumeo hatalala, ila anaweza kujihisi kana kwamba ameachana na mwili wake. Wagonjwa wangu wakizinduka husema walikuwa wanaelea, na ndiyo maana tunapunguza mwanga na kunong'ona. Dawa hii hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na mtu ambaye tayari anaogopa moyo wake anastahili kuambiwa hilo kabla ya sindano, si baada yake. Uliza nani atampima shinikizo, mara ngapi, na kama vifaa vya kumsaidia kupumua vimo chumbani humo humo.

Mfamasia, Boston

Naongezea upande wa ushahidi, kwa sababu hapo ndipo matangazo yanapochanganya mambo mawili. Kwa sonona isiyosikia dawa nyingine ushahidi ni mzuri, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha esketamini, aina ya ketamini ya kupuliza puani, inayotolewa katika vituo maalumu tu, mgonjwa akiangaliwa kwa saa mbili. Kwa magonjwa ya wasiwasi hakuna idhini ya namna hiyo. Zipo tafiti ndogo zenye kutia moyo: ya Dunedin, New Zealand, iliyochapishwa mwaka 2017, ilikuwa na wagonjwa 12, na ya Chuo Kikuu cha Yale, ya mwaka 2018, kuhusu hofu ya kujumuika na watu, ilikuwa na 18. Nafuu ilikuja upesi, lakini ile ya Dunedin ilidumu kama wiki moja tu. Tena, hata dawa ikilinganishwa na dripu ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, anayeelea anajua fika kwamba hakuwekewa maji hayo, hivyo ni vigumu kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya matumaini.

Swali langu ni moja: zile dawa mbili zilifikishwa kwenye dozi kamili, kwa angalau wiki sita? Mara nyingi jibu ni hapana. Na wakimpa ya kutumia nyumbani bila mwangalizi, kataeni. FDA ilitoa onyo kuhusu jambo hilo Oktoba 2023.

Msafiri wa Columbus

Mimi nilipata dripu nne. Nakumbuka kiti cha kuegemea, kitambaa machoni, na mkanda wa shinikizo ukinibana mkono, ingawa mkono wenyewe niliuona kama wa mtu mwingine. Kwa siku tisa nilipanda lifti kama watu wengine, nikalia kwa furaha ghorofa ya saba. Siku ya kumi hofu ilirudi, na kliniki ikanipigia simu kuniuzia dripu za nyongeza, bila hata kuniuliza hali. Kilichonisaidia zaidi ni mtaalamu wa tiba ya mazungumzo aliyezitumia siku hizo nyepesi kunipandisha lifti tena na tena. Bila yeye ningekuwa nimenunua siku tisa kwa bei ya gari kuukuu. Jihadharini pia na matumizi ya muda mrefu, kwani huharibu kibofu cha mkojo.

Mama wa Wawili, Minneapolis

Asanteni sana. Jana usiku nilizitoa chupa kabatini. Dawa ya pili ilibaki kwenye dozi ya kuanzia kwa miezi mitano yote, na hakuna aliyeipandisha. Tumepata nafasi kwa daktari wake Jumanne. Kliniki nayo niliipigia kuuliza habari ya shinikizo la damu. Dada wa mapokezi aliniambia atauliza, kisha akataka namba ya kadi ya malipo.