Corolla ya injeksheni inasita nikikanyaga kidogo, ila nikizamisha pedali inavuta: nianzie wapi?

Kijana wa Nguba (Bukavu)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Niko na Corolla ya 1996, injini 5A-FE, gia za mkono. Gari hii inatulisha nyumbani: asubuhi inapeleka watoto wa mtaa shuleni, mchana inabeba mizigo ya mama mdogo kutoka soko la Kadutu. Tangu mvua zianze imekuwa nzito. Nikikanyaga mafuta kidogo ili niondoke, inasita, halafu inaruka kwa kushtuka. Ralanti, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga, inapanda na kushuka. Esansi (petroli) inakwisha haraka, na nyuma kuna harufu na moshi mweusi. Kinachonishangaza, nikizamisha pedali mpaka chini kwenye mlima wa kwenda Nyawera, inavuta kama zamani. Taa ya injini haiwaki. Fundi mmoja anasema ni pampu ya esansi, ninunue nyingine. Mwingine anataka tubadilishe nozeli zote nne zinazonyunyizia esansi. Nisikilize nani?

Papa Teksi

Pole mdogo wangu. Anza na vitu visivyodai pesa. Injini ikiwa imezimwa, fungua boneti, mwambie mtu akanyage pedali mpaka mwisho huku wewe ukitazama papiyo, kile kisahani kinachofungulia hewa. Kisipofunguka chote, kebo imelegea au kapeti imejikunja chini ya pedali. Toa filtri ya hewa, ishike kuelekea jua, uone kama mwanga unapita. Kisha endesha kidogo bila kushika breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inakamata, na injini utaisingizia bure. Na esansi unanunua wapi? Ile ya vidumu kando ya barabara wakati mwingine ina maji au imechanganywa na mafuta ya taa.

Fundi wa Kadutu

Papa amesema vizuri, fanya hayo yote. Lakini jamani, someni tena sentensi yake moja: akizamisha pedali, inavuta. Hapo ugonjwa umejitaja. Pampu iliyochoka, filtri ya esansi iliyoziba, eksozi iliyojaa masizi, zote hujulikana pale injini inapodai kingi: mlimani, mzigo ndani, pedali chini. Gari yenye pampu mbovu ingetembea salama taratibu, kisha ingekufa kwenye mlima. Ya kwake inafanya kinyume. Tena pampu dhaifu inapunguza esansi, na moshi mweusi ni esansi iliyozidi. Usinunue pampu, kijana. Nozeli nazo ziache kwanza, ni vigumu zote nne ziharibike kwa pamoja.

Sikiliza jinsi injini hiyo inavyofanya kazi. Haina kifaa cha kupima hewa moja kwa moja pale inapoingia. Iko na sensa ndogo ya presha kwenye ukuta wa nyuma ya injini, imeunganishwa na manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa, kwa mpira mwembamba. Ukiwa ralanti, papiyo imefungwa na ndani ya manifoldi kuna mnyonyo mkubwa. Sensa inausikia, kompyuta inatoa esansi kidogo. Mpira ukipasuka, hewa ya nje inajipenyeza, sensa inaamini umekanyaga sana, kompyuta inamwaga esansi na kuchelewesha cheche. Injini inalewa, ndiyo maana inasita. Ukizamisha pedali, papiyo iko wazi, presha ya ndani inakaribia kulingana na ya nje, basi ule ufa haubadilishi kitu tena na gari inavuta.

Chomoa mpira upande wa manifoldi, nyonya kwa mdomo, kisha ziba kwa ulimi. Ulimi unatakiwa ubaki umekamatwa. Ukijiachia wenyewe, panavuja. Halafu ukunje mpira sentimita kwa sentimita, hasa kwenye kona karibu na sensa, maana ufa wa mpira mzee haujionyeshi mpaka uukunje. Angalia pia tundu la manifoldi lisiwe limezibwa na masizi, na kama katikati ya mpira kuna kachujio kadogo, pulizia uone hewa inapita.

Mama wa Uvira

Na mwinuko je? Ya kwangu nikitoka huku kuja Bukavu naisikia inachoka, nikirudi chini inachangamka.

Fundi wa Kadutu

Ni kweli mama, unasikia sawa. Ziwa Kivu la huku Bukavu liko mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika la kwenu Uvira kama 770 tu. Kwenye mita 1,500 presha ya hewa ni karibu asilimia 83 ya ile ya pwani, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) nayo inabaki na karibu kiasi hicho hicho cha nguvu. Ila mwinuko haukuanza msimu huu, na ungemsumbua zaidi pedali ikiwa chini. Kitu kimoja: fundi akija na geji ya mnyonyo, akumbuke kwamba huku kwetu inasoma pungufu kuliko vitabu vinavyosema, kwa karibu inchi 5 za zebaki. Wengi wamefungua injini nzima kwa sababu ya hesabu hiyo.

Mwalimu wa Mekanika (Lubumbashi)

Naongeza upande wa umeme. Taa kutowaka kusikupe amani, hakikisha kwanza kwamba balbu yenyewe inawaka ukifungua kontakti (swichi ya ufunguo). Kisha kwenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Soma herufi kwenye kifuniko kabla hujagusa, matundu mengine yana umeme. Fungua kontakti bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyomulika, maana inatoa kodi, yaani namba ya hitilafu: 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya presha, 41 ni sensa ya papiyo. Ikimulika mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi.

Hata ukikuta hakuna kodi, usiuache ule mpira. Kompyuta inajua waya ukikatika. Mpira ukipasuka haijui, maana volti inayoipata bado ni ya kawaida. Mpira ukiwa mzima, ndipo tutarudi kwenye sensa ya joto, kwa sababu nayo ikidanganya kwamba injini ni baridi, esansi inazidi.

Kijana wa Nguba

Nimerudi, wakubwa zangu. Kebo nzima, filtri inapitisha mwanga, rimu zote sawa, taa inamulika mfululizo. Mpira sasa: ulimi haukukamatwa hata kidogo. Nilipoukunja karibu na sensa, ufa ukafunguka upande wa chini, urefu wa ukucha, na kingo zake zimekauka zinavunjika vipande. Jirani ananipa mpira wa serumu, ule wa dripu ya hospitali, niweke. Unafaa?

Fundi wa Kadutu

Usiweke huo! Joto la injini litaulainisha, mnyonyo utaubana kuta zishikane, utarudi hapa na ugonjwa mwingine. Tafuta mpira wa vakyumu wenye kuta nene, upana uleule wa ndani, ukate urefu sawa na wa zamani, usipite karibu na eksozi.

Kijana wa Nguba

Nimepata kwenye duka la vipuri, bei haifiki hata robo ya ile pampu. Ralanti imetulia, nikigusa tu inaitika, moshi hakuna. Asanteni sana, mungu awabariki. Nimetoa buji (plagi za cheche), zote nyeusi tititi kwa masizi makavu. Nizitupe?

Papa Teksi

Hapana. Zisafishe kwa brashi laini, angalia kaure isiwe na ufa, rudisha. Kisha nenda nayo Kavumu na kurudi kwa mwendo mzuri, masizi yaliyobaki yataungua.

Mwalimu wa Mekanika (Lubumbashi)

Kabla ya hiyo safari ya Kavumu, vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka esansi, au oili ikiwa imepanda juu ya alama, esansi iliyozidi imeshuka mpaka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Mwaga, weka oili mpya na filtri yake, ndipo utoke.