Raia anayeishi nje kumdhamini mwenza: haki yake au hisani ya serikali?

Mwana Kilole
Wadau, salaam. Shemeji yangu alitoka Moshi kwenda Kanada kusoma, akabaki, akachukua uraia wa kule. Sasa ni mwaka wa tano yuko Arusha, kaoa hapahapa, wana mtoto. Anataka kurudi nao. Sheria ya Kanada inamruhusu kufungua faili la kumdhamini mke akiwa bado Arusha, mradi aoneshe kwamba mke akipewa ukaazi wa kudumu, yeye naye atakuwa anaishi kule. Rafiki yake waliyesoma pamoja, mwenye ukaazi wa kudumu tu, hana ruhusa hiyo. Lazima awe mkazi wa ndani ya Kanada ndipo adhamini.

Hapo ndipo ninapouliza. Huyu mkazi anaamka alfajiri kwenye theluji na kodi analipa. Raia wetu anakula ndizi nyama Arusha. Kwa nini raia ndiye apendelewe? Mimi naona anayetaka kudhamini mtu aanze kwa kurudi yeye. Karibuni, bila matusi.

Fundi Rangi
Ukiona "bila matusi" kwenye mada ya ndoa, ujue ukurasa wa pili ni matusi matupu. Naweka kiti mapema.

Mama Wawili (Leicester)
"Aanze kwa kurudi yeye." Umeandika kirahisi sana, kaka. Arudi yeye, mke na mtoto wabaki wakingoja barua? Ndiyo ndoa hiyo?

Njoo huku Uingereza uone uraia unavyodharauliwa. Mimi ni raia, mume wangu yuko Mombasa. Tangu 11 Aprili 2024 mdhamini anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 2012, ilikuwa 18,600. Nilijaribu kuishi naye Mombasa, nikakuta ukiwa nje ndiyo mbaya zaidi: uwe na kazi ya hukohuko inayofikia kiwango hicho, NA uwe na kazi Uingereza utakayoianza ndani ya miezi mitatu ukirudi. Mshahara wa mume anaoupata Kenya hauhesabiwi hata awe daktari bingwa. Huna hayo, weka akiba ya pauni 88,500, ikae miezi sita. Nikarudi peke yangu na watoto. Ndicho anachokitaka mleta mada.

Koplo Mstaafu
Dada, 29,000 au 38,700? Mimi nilisikia 38,700.

Mama Wawili (Leicester)
Hiyo waliitangaza Desemba 2023, wakasema wataifikia kwa hatua. Serikali ikabadilika Julai 2024, mambo yakasimama kwenye 29,000. Kuna watu walienda mahakamani kupinga ile 18,600, na Februari 2017 Mahakama ya Juu ikasema kiwango chenyewe si haramu, ila kanuni hazikujali vya kutosha maslahi ya watoto. Kwa hiyo tumeambiwa tunaonewa kihalali.

Koplo Mstaafu
Pole dada. Lakini tuseme kweli. Huyo shemeji wa Arusha alipochukua pasi ya watu, sheria yetu ya uraia ya 1995 haikumwachia ya kwetu, maana mtu mzima hashiki mbili. Hapa ni mgeni, kule hayupo. Alichagua mwenyewe.

Na tusiwasingizie maofisa kila siku. Vijana siku hizi wanaoa kwa simu kama wanaagiza pikipiki: picha, bei, mzigo unafika lini. Ofisa akisema ndoa hii siielewi, mnasema ubaguzi.

Mwana wa Malindi
Mzee Koplo, kwa heshima yako, nikaha si pikipiki. Mie ni wa Malindi ya Unguja. Kaka zetu wako Muscat, wako Toronto, wako London, na tangu zama za barua mume akiwa mbali anaweka wakala, wakala anakaa mbele ya walii wa mke na mashahidi, anakubali kwa niaba yake. Mahari inatajwa, watu wanashuhudia. Simu yenyewe ndiyo ina khitilafu kwa wanavyuoni, ndiyo maana watu wanaweka wakala. Ukiwa hujui dini ya wenzio, uliza.

Koplo Mstaafu
Nimetaja dini wapi? Nimesema simu.

Mwana wa Malindi
Na "bei" ulikusudia nini kama si mahari?

Fundi Rangi
Ukurasa wa kwanza haujaisha. Nimekosea hesabu.

Mkazi wa Winnipeg
Wapendwa, samahani nikiingilia. Mimi ni wa Uvira. Swali la mleta mada linanigusa kwa njia nyingine. Nilipopelekwa Kanada kutoka kambini, kwenye fomu sikumtaja mke wangu. Vita vilitutenganisha, nikaambiwa amekufa. Baadaye nikasikia yuko Bujumbura. Sheria yao inasema mtu wa familia ambaye hukumtaja na hakukaguliwa na maofisa ulipopewa ukaazi, humwiti tena kwa njia ya familia. Sasa mimi ni raia kamili. Huo uraia mnaougombania hapa haunisaidii kwa hilo. Tangu Septemba 2019 kuna msamaha kwa baadhi yetu. Nani anaujua vizuri?

Bi Chumbageni
Koplo, mimi binti yangu aliozeshwa kwa wakala, hapa Tanga, mbele ya macho yangu. Mumewe yuko Ottawa, raia. Hakuna mtu aliyeagizwa. Mahari ililetwa na wazee wake, na binti aliulizwa mara tatu kama anaridhia. Mwanangu si mzigo wa bandarini, baba.

Ila yaliyofuata nayasema ili wengine wasikie. Ombi likakataliwa. Kanada tangu Juni 2015 haiikubali ndoa ambayo mmojawapo hakuwepo mwenyewe kwenye sherehe. Wakala, simu, video, vyote vimefutwa, wamewaachia wanajeshi wao tu. Hakuna aliyetuambia. Mkwe akakata tiketi akaja, wakafunga upya wote wawili wakiwepo. Fedha ya kwanza ikapotea.

Koplo Mstaafu
Kwa hiyo Kanada na mimi tunasema jambo moja.

Bi Chumbageni
Kanada haikumfananisha mwanangu na pikipiki.

Mzigua wa Columbus
Bi mkubwa, Marekani wana lao, cheka kwanza. Sheria ya uhamiaji ya 1952 inasema ndoa ambayo bwana na bibi hawakuwa pamoja wakati wa kufungwa haihesabiki, ISIPOKUWA wamekutana kimwili baada ya hapo. Siyo kabla, baada. Walitunga wabunge wamevaa tai.

Fundi Rangi
Ushahidi wake unaambatanishwaje? Unapigwa mhuri?

Mzigua wa Columbus
Unaonesha mhuri wa pasi kwamba uliingia Tanzania baada ya tarehe ya ndoa, risiti ya hoteli, picha mkiwa pamoja. Usizidishe, tafadhali.

Mwana wa Malindi
Subhanallah. Halafu sisi ndio tunaambiwa ndoa zetu hazieleweki.

Mwana Kilole
Wadau, turudi kwenye mada. Niliuliza kuhusu raia na mkazi wa kudumu.

Mzigua wa Columbus
Mada yako nakujibu kwa mstari. Huku raia anaweza kuanza ombi akiwa Dar, lakini kabla mke hajapewa viza ni lazima athibitishe makazi yake ni Marekani au kwamba anarudi kwa kweli, na kipato kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Hukifikii, unatafuta mdhamini mwenza anayeishi Marekani. Mara nyingi ni mjomba. Na akishasaini, talaka yenu haimfungui. Mpaka mke awe raia, au ahesabiwe robo-mwaka 40 za kazi, au aondoke moja kwa moja, au afe. Mjomba anasaini akidhani ni fomu ya harusi.

Karani wa Ilala
Nisaidie wenye vyeti vya Bara. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa ya Kiislamu inachukuliwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, hata kama mtu hajawahi kufikiria wa pili. Kanada haitambui ndoa ya wake wengi, na mke wa pili hadhaminiki kabisa. Kifungu cha 11 kinaruhusu wanandoa, wote wawili kwa hiari, kutoa tamko mbele ya hakimu kubadili ndoa iwe ya mke mmoja. Zanzibar sheria hiyo haifiki.

Bi Chumbageni
Kwa hiyo dawa ya waume ilikuwepo tangu 1971 na hatukuambiwa! Nitamsindikiza kila binti Tanga hii mpaka mahakamani, viza iwepo isiwepo.

Mwana wa Malindi
Bi mkubwa, halali ya Mungu haibadilishwi kwa ajili ya fomu. Mtu asitie saini asichokiamini.

Mama Wawili (Leicester)
Shehe, na wewe ukiitwa Toronto kesho, utaacha viza kwa ajili ya mke ambaye hujamwoa bado?

Koplo Mstaafu
Jibu, Malindi. Unao wangapi?

Mwana wa Malindi
Mzee, umri wako unanizuia.

Msomaji Kimya
Nilikuwa nasoma tu, lakini mleta mada amenikera. Anasema raia aliye nje ndiye mwenye upendeleo. Ulaya ilikuwa hivyo kweli, tena kwa sababu ya kuonewa nyumbani. Denmark ilipoweka mwaka 2002 kwamba wanandoa wote wawili wafikishe miaka 24, Wadenmark wakavuka daraja wakahamia Malmö, Uswidi, wakaishi na wake zao kwa sheria ya Ulaya. Waingereza walifanya hivyo Ireland: unafanya kazi kule na mkeo, kisha unarudi naye kwa hukumu ya mahakama ya Ulaya ya 1992, hakuna wa kukuuliza mshahara. Brexit imeufunga mlango huo. Hao walihama ili waishi na wake zao, Kilole. Hawakufuata ndizi nyama.

Mwana Kilole
Ndizi nyama ilikuwa utani. Na sijasema mtu asiishi na mkewe. Nimesema nia ya kurudi inathibitishwaje? Mtu yeyote anaweza kuandika "nitarudi".

Mama Wawili (Leicester)
Barua ya kazi, mkataba wa nyumba, shule ya mtoto, barua ya ndugu atakayewapokea. Wanaangalia vyote. Na kwa mke, Kanada kwa kawaida haina hata kima cha kipato, ila usiwe unaishi kwa msaada wa serikali, labda kwa ulemavu. Unasaini kumlea miaka mitatu. Mkiachana mwezi wa nne, akichukua msaada, deni ni lako. Sasa niambie, huyo shemeji ni shemeji kweli au ni wewe?

Mwana Kilole
Ni shemeji.

Fundi Rangi
Anajua mpaka mke ataanza lini kula theluji. Ni shemeji, tumekubali.

Mwana Kilole
Basi semeni mnavyotaka. Mimi ndiye yule rafiki mwenye ukaazi wa kudumu. Niko Edmonton, mke yuko Arusha, na huyo raia anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Kila jioni huyo raia na mkewe wanapita dirishani kwa mke wangu. Mnaniuliza kwa nini nimekasirika?

Bi Chumbageni
Ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu. Nani amekuzuia kumdhamini? Wewe uko ndani ya Kanada, unaruhusiwa leo.

Mwana Kilole
Naruhusiwa, mama. Siruhusiwi kwenda kukaa naye wakati nasubiri. Likizo fupi tu.

Mkazi wa Winnipeg
Nauliza tena, kwa upole. Msamaha wa 2019.

Fundi Rangi
Mzee wa Winnipeg, na wewe ulioa kwa simu?

Mkazi wa Winnipeg
Nilioa Uvira, koo zote mbili zilikuwepo, na mbuzi alichinjwa. Simu hatukuwa nayo.

Mama Wawili (Leicester)
Baba, samahani tulikuruka. Dada yangu wa Calgary alimsaidia mtu kwa njia hiyo. Inawahusu waliokuja kama wakimbizi, na waliodhaminiwa kama familia. Wanachotazama ni hiki: kama ungemtaja mkeo siku ile, wewe ungebaki na sifa ya kupewa ukaazi? Kwa mkimbizi kwa kawaida jibu ni ndiyo. Eleza kwa maandishi kwa nini hukumtaja, uambatanishe kila kinachoonesha uliambiwa amekufa. Tafuta wakili au shirika la wakimbizi hapo mjini, na kabla ya kulipa chochote uliza kama msamaha bado umefunguliwa, maana wanauongeza kwa vipindi.

Mkazi wa Winnipeg
Asante, mama. Barua ya padri wa kambi itafaa?

Mama Wawili (Leicester)
Itafaa sana kama ina tarehe. Nitumie ujumbe faragha.

Koplo Mstaafu
Hongera dada, hapo umefanya kazi. Sasa Malindi, bado nangoja idadi.