Naomba ushauri: kuinua tangi la pikipiki ya Boxer

KijanaLikoni: Asalam aleikum wadau. Nataka kuinua tangi la Boxer 150 upande wa mbele inchi 2, likae kama zile Sportster za Harley, injini ionekane, iwe na shepu. Kuna mtu ashafanya? Nauliza tu, maana siku mbili hizi sijalala vizuri.

FundiKisauni: Hulali kwa sababu ya shepu? Hapo kuna kitu. Vile vifaa vya kuinulia tangi ni vya Sportster, tangi lake mbele limeshikwa na bolti kwa fremu, unaongeza kipande na bolti ndefu umemaliza. Boxer mbele limekalia raba tu, bolti iko nyuma chini ya siti. Utainua na nini?

BiTatuBamburi: Shepu hizo ndo zamaliza nyumba. Mume wangu alianza na taa za rangi, akaja honi ya lori, siku mtoto arudishwa karo baba yuko Mwembe Tayari achagua stika. Liache lilipo mwanangu.

HesabuKali: Inua na nyuma, abiria apate pa kuegemea alale 😂

FundiKisauni: Kijana, sijajibiwa.

KijanaLikoni: Haya basi. Ishainuliwa. Jamaa wa welding alichomelea vyuma viwili pale penye raba, na kazi ni safi musimlaumu, mimi ndo nilimwambia. Ila mpira wa petroli umekaza na nikiwa kwa foleni ya feri nasikia harufu.

FundiKisauni: Mpira ulikatwa kipimo cha tangi likiwa chini, sasa unavutika, ukichomoka kwa koki petroli yote inamwagikia injini ya moto. Nunua mpira mrefu na klipu mpya leo leo. Geji nayo usiiamini, boya limelala mshazari. Wakati wa kuchomelea tangi lilikuwa wapi?

KijanaLikoni: Walilitoa wakaliweka hapo kando. Lilikuwa na petroli ya mia tu.

MzeeMakupa: Kando!! Mimi niliwahi kuona dramu tupu Changamwe, tupu kabisa nakwambia, ikiruka ikapita juu ya bati kwa cheche moja, kumbe kinacholipuka ni ule mvuke, siku hiyo nlikua naenda posa na kanzu nyeupe, we acha tu.

HesabuKali: Mzee, posa ilikubaliwa?

MchokoziTudor: Wadau mwachezewa, hii hekaya. Wiki jana huyu aliuliza humu humu Boxer mpya bei gani, leo anayo na ishachomelewa? Weka picha.

KijanaLikoni: Sikusema ni yangu. Ni ya ami, mimi nampelekea hesabu kila jioni. Yuko Lamu mpaka Ijumaa. Akiona ilivyopendeza hatasema kitu.

BiTatuBamburi: Yallah! Mali ya mtu?

MchokoziTudor: Picha.

KijanaLikoni: Simu ina chaji asilimia 4.

MchokoziTudor: 😂😂 nlijua

FundiKisauni: Iwe kweli iwe hekaya, ukiiegesha usiku funga koki.